Kengele ya Gadi

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi ilimkuta Inspekta Kavutha Nzau amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, ndani ya karakana ya marehemu mzee Bartholomew Musau kule Mumbuni, Machakos, akihesabu mabehewa ya treni kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Saba. Akahesabu tena, maana mpelelezi asiyehesabu mara mbili ni karani tu aliyevaa koti. Bado saba.

Treni yenyewe ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyekundu, kila behewa urefu wa kiatu cha mwanamume. Ilikaa juu ya reli za bati zilizozunguka meza kubwa, zikaingia ndani ya kilima cha saruji kwa tundu la upande huu na kutokea kwa tundu la upande ule. Ukutani ilining'inia kofia nyeusi ya kazi, imepigwa brashi mpaka inang'aa, na chini yake picha ya vijana wawili wembamba, mmoja Mkamba na mmoja Msomali, wamesimama mbele ya treni ya kweli huku wameshikana mabega. Wamevaa makoti mazito. Wanacheka. Ukiwaona tu unajua wako mbali na kwao na bado hawajajua kwamba hizo ndizo siku zao njema.

Kilichomleta Kavutha hapo kilikuwa hiki. Mzee Musau alifariki Jumapili hospitalini, mapafu yamechoka, miaka themanini na minne. Jumatano mwanawe wa pekee, Mike, anayeishi Syokimau, akaja kituoni mbio mbio: hati ya shamba la baba yake imeibwa kwenye sanduku chini ya kitanda, kufuli limekatwa kwa msumeno, na mwizi ni Ndanu, mwanamke aliyemtunza mzee kwa miaka tisa. Kufika saa kumi jioni Ndanu alikuwa ndani ya seli, bila mkanda wala kiatu. Asipotolewa leo, kesho asubuhi anasimamishwa kortini, na Jumamosi mzee anazikwa yeye akiwa rumande. Mtu aliyemlisha uji kwa kijiko asimtupie hata konzi ya udongo. Kavutha aliliwazia hilo akasikia uchungu, kisha akajikaripia, kwa sababu uchungu si ushahidi.

Lakini kufuli lile lilimkera. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwa Ndanu, umefungwa kwa uzi, mpaka askari alipomvua pale kaunta.

"Mwenye ufunguo anakata kufuli ya nini?" alimwuliza mkubwa wake kwa simu.

"Alikata ndio watu kama wewe waulize hivyo," mkubwa akajibu. "Hii maneno ni rahisi, Kavutha. Funga faili."

Hakufunga. Alikuja kuangalia nyumba chumba kwa chumba, na mwisho akafika hapa karakanani. Mlango wake ulikuwa na funguo tatu: mmoja wa Ndanu, mmoja wa Mike, na mmoja wa rafiki wa marehemu aitwaye Isak. Mike alikuwa ameandikisha taarifa kwamba yeye hajakanyaga karakana ile kwa miaka mitatu, kisha akaongeza kwamba "huyo mzee Isak naye huwa anaingia anatoka apendavyo, mumwangalie." Kavutha alitoa simu akaipiga treni picha, pande zote nne, kabla hajagusa kitu.

Alikuwa bado ameshika simu mlango ulipolia. Akaingia mzee mrefu mwenye ndevu za hina na fimbo, kanzu juu ya sweta. Alipomwona Kavutha hakushtuka.

"Wewe ni polisi," alisema. "Mimi ni Isak Ayanle. Nauza ng'ombe hapa town tangu hujazaliwa. Leo ni Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini, mzee wangu?"

"Alhamisi tunaendesha treni." Akaegemeza fimbo mlangoni. "Tulikuwa tunaendesha."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha mbele ya meza, akaketi, akaweka kiganja juu ya mpini mdogo wa shaba uliopigiliwa pale. Hakuusukuma. Aliinama kuangalia treni, na ghafla akainuka kwa nguvu ambazo Kavutha hakudhani anazo.

"Wallahi! Nani amefanya hivi?"

"Amefanya nini?"

"Nani ameharibu gari letu? Hii si treni. Hii ni... hii ni msururu wa mbuzi!"

Kavutha alisogea. Kwa macho yake treni ilikuwa sawa kabisa. Mabehewa manne yenye chumba cha dereva yalikuwa mbele, yamefuatana, yote yanaangalia mbele. Nyuma yake yakafuata matatu yasiyo na chumba. Injini mbele, mabehewa nyuma, kama treni yoyote aliyoiona ikipita Konza tangu utotoni.

"Naona iko sawa, mzee."

"Kwa sababu wewe ni mtoto wa hapa. Treni ya hapa iko na kichwa, inavuta mkia. Yetu ilikuwa inaenda chini ya ardhi, binti yangu. Chini ya nyumba za watu, London, ndani ya bomba. Ukifika mwisho wa njia huko chini, utageuza injini wapi? Hakuna nafasi hata ya kugeuza punda. Kwa hivyo treni haikuwa na kichwa. Ilikuwa na dereva huku na chumba cha dereva huku. Ukifika mwisho, unachukua mpini wako, unatembea mpaka ule upande mwingine, na mkia unakuwa mbele."

Alianza kuyang'oa mabehewa, akayapanga upya, vidole havikosei. Lenye chumba. Mawili matupu. Lenye chumba. Halafu tena: lenye chumba, moja tupu, lenye chumba.

"Hapa katikati vyumba viwili vya dereva vinaangaliana," Kavutha alisema. "Mbona?"

"Aa! Sasa umeuliza kama mtu wa kazi." Uso wa mzee ulichangamka. "Hizi ni treni mbili zimeshikana, nne na tatu. Asubuhi watu ni wengi kama siafu, unapeleka zote saba. Saa sita mchana watu wamepungua, unafungua hapa katikati, hizi tatu zinaenda kulala, kila kipande kiko na dereva wake. Jioni unashikanisha tena. Na kila gari liko na upande wake. Ukiligeuza, waya hazikutani, haitembei. Musau alitengeneza hii vilevile. Ona."

Kweli, Kavutha alipochungulia kati ya behewa na behewa aliona nyaya ndogo zenye visoketi. Katika mpango alioukuta, hakuna soketi hata moja iliyokuwa imeingia.

"Wewe ulikuwa dereva?"

"Dereva. Yeye gadi." Isak aliketi tena. "Mimi nilitoka melini, yeye alienda kusoma ukarani karo ikamwishia. Tukakutana tukifagia stesheni moja. Gadi anakaa gari la mwisho kabisa, anafungua milango na kuifunga. Wazee waliotufundisha walituambia zamani zaidi hata milango haikuwa inajifunga. Kila kati ya gari mbili kulikuwa na mtu wa kufungua geti kwa mkono, na wakimaliza wanapigiana kengele mmoja baada ya mwingine kutoka nyuma mpaka mbele. Sisi tulikuwa wawili tu. Akiona hakuna mama amebanwa koti, anapiga kengele, mimi naondoka. Miaka kumi na minne. Tulionana asubuhi na jioni. Katikati ilikuwa kengele tu, na ule upepo wa moto unaotangulia treni ndani ya bomba. Mpaka leo nikifungua tanuri ya mkate nausikia. Jumapili tunapika ugali wa semolina, anaimba nyimbo za kwao, analia. Mimi namcheka. Sasa ni mimi nalia, yeye wapi!"

Kavutha alimwacha apanguse macho. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akauliza, "Tangu Jumapili ulikuwa wapi, mzee?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza kila mtu mwenye ufunguo."

"Masinga, kununua ng'ombe. Habari ya msiba ilinikuta huko. Nimerudi jana usiku. Uliza sokoni, kuna watu ishirini waliniona nikilia mbele ya ng'ombe."

Kavutha aliandika. "Na kwa nini mtu achezee treni ya marehemu?"

Isak alimwangalia kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kwa nini watu hula.

"Si hati ilikuwa humu."

Kalamu ilisimama.

Mzee aliliinua behewa tupu moja, ambalo rangi yake ilikuwa mbichi kuliko ya mengine, akasukuma paa kwa kidole gumba. Paa likateleza. Ndani kulikuwa kweupe, kumewekewa kitambaa, hakuna kitu.

"Treni ilikuwa ya gari sita. Tatu na tatu. Hili la saba tulilimaliza mwaka huu, mwezi wa tatu, ili aweke bahasha. Hati ya shamba, na karatasi moja ya kumpa Ndanu ile nyumba ndogo na robo eka. Mimi ndiye shahidi, nilitia sahihi."

"Ndanu anajua?"

"Alitaka amwambie mwenyewe, wakishavuna. Mvua ikakawia, halafu akalazwa."

"Na kwa nini hukusema haya mapema?"

"Nani aliniuliza?" alisema Isak. "Nyinyi mlishika mwanamke, mkaenda kunywa chai."

Kavutha alilimeza hilo, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hati haikuwa sandukuni tangu mwezi wa tatu. Aliyekata kufuli lile alikata ili ionekane ilikuwa humo, na aliyejua haimo ndiye aliyeitoa kwenye treni.

Alitafuta karai la plastiki, akatia humo mabehewa sita, yale manne yenye chumba na mawili matupu ya zamani. La saba alilifunga ndani ya mkoba wake.

Pale kituoni Ndanu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, leso kichwani, macho yamevimba. Alipoona karai tu, akaweka mkono mdomoni.

"Ai, mwaitu! Mbona mmebeba treni ya mzee kama viazi?"

"Nipangie hapa mezani, Ndanu. Kama ilivyokuwa."

Hakuuliza sababu. Alipanga haraka, kama mtu anayepanga vikombe kabatini mwake: lenye chumba, moja tupu... akasimama, akatazama karaini, akaangalia chini ya meza.

"Ingine iko wapi? Hapa kunataka mbili. Iko ile mpya ya rangi mbichi."

"Endelea bila hiyo."

"Haitatembea vizuri," alinong'ona, lakini akaendelea: lenye chumba, lenye chumba, tupu, lenye chumba. Katikati vyumba viwili vikaangaliana. "Nilikuwa nikipangusa vumbi kila siku. Siku moja niligeuza gari moja, mzee, asa wangu, alinikaripia mpaka nikalia, halafu akanichekea, akanifundisha yote. Akasema, Ndanu, siku Isak hayuko wewe utakuwa dereva." Machozi yalishuka. "Afande, Jumamosi mtaniruhusu niende nimzike? Hata na pingu. Sitakimbia, nitakimbilia wapi?"

Kavutha alikuwa na jibu, lakini hakulitoa. Ahadi ya polisi mapema ni kama mvua ya Machakos mwezi wa tisa, usiipandie mahindi.

Saa saba mchana alirudisha karai karakanani, akampigia Mike simu. Alimwambia kwamba mzee Isak ameomba treni ikae kando ya jeneza Jumamosi, lakini mabehewa yamechanganyika, na yeye anaogopa kuharibu kitu cha familia. Mike alikuwa tayari Machakos kwa shughuli za mazishi. Baada ya nusu saa aliegesha gari uani, akaingia karakanani akiwa na simu sikioni. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, mwenye haraka. Isak alikuwa kwenye kigoda chake pembeni. Mike akamsalimia kwa kichwa tu.

"Hii ndiyo mmeniitia? Niko na wakandarasi wa hema wananingoja, Inspekta."

"Dakika mbili. Wewe ndiye mwana. Nani atajua kuliko wewe?"

Mike alipumua kwa nguvu, akaweka simu mfukoni, akaanza. Lenye chumba mbele. La pili lenye chumba. La tatu. La nne. Kisha behewa tupu, na lingine tupu. Kavutha hakupepesa jicho. Pembeni Isak alifungua mdomo, Kavutha akamtazama, mzee akaufunga.

Mike akainamisha karai. Lilikuwa tupu.

"Na ile ingine?"

"Ipi?"

"Si ni saba? Kuna moja ya..." Akasita.

"Ya nini, Mike?"

"Nasema tu. Zilikuwa saba."

Kavutha alifungua faili taratibu, akasoma kwa sauti ya darasani: "'Sijaingia katika karakana ya marehemu baba yangu kwa muda wa miaka mitatu.' Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Treni hii ilikuwa ya mabehewa sita mpaka mwezi wa tatu mwaka huu. La saba umelionea wapi?"

"Baba alinitumia picha."

"Baba yako alikuwa na simu ya tochi, mulika mwizi. Iko kituoni, na haina hata kamera."

Mike alicheka kidogo, cheko kavu. "Sasa nitafungwa kwa kuhesabu?"

"La. Tazama hii pia." Kavutha alimwonyesha picha ya asubuhi kwenye simu, kisha akaelekeza kidole mezani. "Nilivyoikuta, na ulivyopanga wewe sasa hivi. Vyumba vinne mbele, mengine nyuma, kama treni inayopita Konza. Aliyefungua mabehewa akitafuta paa linaloteleza aliyarudisha hivyo, akidhani amerudisha sawa. Funguo ni tatu. Mzee huyu amepanga mbele yangu, Ndanu amepanga mbele yangu. Wote wawili wamepanga treni ya baba yako. Wewe peke yako umepanga treni nyingine."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake kwa dunia nzima. Mike aliangalia mabehewa, akamwangalia Isak, na kwa mara ya kwanza haraka yake yote ikamtoka.

"Aliniambia hospitalini," alisema. "Hati iko ndani ya treni. Nikadhani ni homa. Nikaja Jumatatu, nikafungua moja moja. Nikaikuta, na hiyo karatasi yenu juu yake." Sauti ilipanda. "Miaka tisa anamwita yeye mwanangu! Mimi ananipigia simu kuniuliza kama nimekula, halafu anakata!"

"Ukikata kufuli, ukamtia yeye ndani, karatasi hiyo nani angeiamini," alisema Kavutha.

"Ndiyo."

"Hiyo treni alikueleza mara ngapi?" Isak aliuliza. Aliuliza kwa upole, na hapo ndipo palipouma.

Mike alijifuta uso kwa kiganja. "Kila Krismasi, mzee. Kila Krismasi ananiita hapa. Ananiambia, kaa nyuma upige kengele, baba. Miaka mitatu iliyopita nikamwambia mimi si mtoto." Akayatazama mabehewa. "Sikuwa nasikiliza. Hata sasa nilikuwa nimeamini nimeipanga vizuri."

Bahasha ilikuwa chini ya kiti cha gari lake, imefungwa ndani ya gazeti. Karatasi zote mbili zilikuwamo, na sahihi ya Isak chini, imepinda kwa uzee. Kavutha aliziandika moja moja mbele ya mashahidi, akampigia mkubwa wake simu, akasikiliza kimya cha mkubwa kwa raha ambayo hakuificha. Mike aliondoka na askari wawili. Mlangoni aliomba aruhusiwe kuzika, na Kavutha akamwambia atalipeleka ombi hilo, maana lilikuwa lilelile aliloombwa asubuhi na mtu asiye na kosa.

Saa kumi kasorobo Ndanu alishuka kwenye gari la polisi pale uani, viatu vyake mkononi bado. Kavutha alimpa ile karatasi ya nyumba ndogo na robo eka. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia kwa sauti kubwa, akimwita baba kwa Kikamba, "Asa! Asa!" Hakuna aliyemnyamazisha.

Alipoinuka, aliingia karakanani. Isak alikuwa ameshapanga mabehewa yote saba, soketi zimeingia, na alikuwa kwenye kigoda chake cha mbele, kiganja kwenye mpini, mgongo wake kwao.

"Mbona huendeshi, mzee?" Kavutha aliuliza.

"Nitaendaje? Kengele haijapigwa."

Nyuma kabisa ya meza, mahali ambapo mzee Musau alikuwa akisimama kila Alhamisi, kulikuwa na kitufe cheusi kimechakaa katikati. Ndanu alikitazama. Akaitungua ile kofia ukutani, akaishika kifuani, akazunguka meza mpaka mkiani. Alikagua behewa moja moja kwa macho, kama alivyofundishwa, kwamba hakuna kilichobanwa na hakuna aliyeachwa. Kisha akabonyeza.

Kengele ikalia. Mkono wa Isak ukasukuma mpini, na treni nyekundu ikaingia ndani ya kilima.

Hakugeuka kuangalia ni nani aliyepiga. Miaka kumi na minne hakuwahi kugeuka.